Tunahesabu hataza, hatuhesabu zinafika wapi

Kila mwisho wa mwaka kulikuwa na jedwali moja la eksel lililokuwa likininyima usingizi. Nimefanya kazi miaka kadhaa kwenye ofisi ya chuo ya kuhamisha teknolojia, yaani ile ofisi ambayo mtafiti akivumbua kitu maabara anatakiwa aje kwetu kwanza kabla hajakitangaza, halafu sisi ndo tunaangalia kama kinafaa kuombewa hataza, yaani haki ya kisheria ya kuzuia wengine wasitumie uvumbuzi wako bila ruhusa, tunatafuta kampuni ya kukichukua, tunaandika leseni, yaani ruhusa ya kukitumia, na baadaye tunafuatilia mrabaha, yaani sehemu ya mauzo inayorudi kwetu. Jedwali lenyewe lilikuwa na safu sita tu: fomu za uvumbuzi zilizopokelewa, maombi ya hataza yaliyopelekwa, hataza zilizotoka, leseni zilizosainiwa, kampuni changa zilizoanzishwa, na mwishoni kabisa, kwa herufi nzito, mapato. Ukishajaza hizo sita, basi mwaka wako umeshahukumiwa. Na mimi kila nikilijaza nilikuwa nabaki na swali lisilo na safu yake: hivi hiki kitu kinatumika? Kuna mtu yeyote huko nje leo hii anakishika mkononi?

Hizo safu hazikutoka hewani. Chama cha mameneja wa teknolojia wa vyuo huko Marekani, AUTM, kimekuwa kikikusanya takwimu za namna hiyo kila mwaka tangu 1991, na sehemu nyingi duniani zimeiga karibu safu zilezile kwa sababu ni rahisi kuzihesabu na rahisi kulinganisha chuo hiki na kile. Sikatai, bila kuhesabu huwezi kuendesha ofisi. Ila namba ikishakuwa ndiyo inayoamua bajeti ya mwakani, watu wanaanza kuifanyia kazi namba badala ya kuufanyia kazi uvumbuzi, na hilo nimeliona kwa macho yangu.

Turudi nyuma kidogo maana historia yenyewe imeanza na namba. Tarehe 12 Desemba 1980 Rais Carter alisaini sheria ya Bayh-Dole, ambayo iliruhusu vyuo vikuu vya Marekani kumiliki uvumbuzi uliofanyika kwa pesa ya serikali kuu na kuutolea leseni. Hoja kubwa iliyopigiwa debe wakati ule ilikuwa kwamba serikali inamiliki hataza kama 28,000 na ambazo zimepewa leseni hazifiki hata asilimia 5, kwa hiyo utafiti unaozea kwenye makabati. Hoja tamu sana. Lakini baadaye wachambuzi wa sheria wakaonyesha kwamba nyingi ya zile hataza zilitokana na mikataba ya wizara ya ulinzi, ambako kampuni zenyewe zilikuwa na nafasi ya kuzichukua zikaamua kuziacha, yaani ni mabaki, hazikuwa na soko tangu mwanzo. Sisemi sheria ilikuwa mbaya, ina mazuri yake mengi na nchi nyingi zimeifuata: Japani wakatunga za kwao 1998 na 1999, Ujerumani mwaka 2002 wakafuta ile kanuni ya zamani ya kwamba uvumbuzi wa profesa ni mali ya profesa, wakati Sweden mpaka leo wameing'ang'ania. Ninachosema ni kwamba hata mlango wa kuingilia kwenye haya mambo ulifunguliwa na asilimia ambayo haikuulizwa vizuri imetoka wapi.

Sasa kwa wale ambao hawajawahi kuona kazi yenyewe inavyokwenda. Inaanza na fomu. Mtafiti anaandika amevumbua nini, nani walishiriki, pesa za utafiti zilitoka wapi, na kuna swali moja ambalo mimi nilikuwa nalisoma kabla ya mengine yote: je, umeshalionyesha hili popote, kwa maandishi au kwa mdomo? Siku moja alikuja dada mmoja, mtafiti mzuri sana, amejaza fomu kwa mwandiko safi na michoro kaichora mwenyewe, uvumbuzi wenyewe ukiusoma unaona kabisa huu una maisha. Nikafika kwenye lile swali. Kaandika: ndiyo, bango kwenye kongamano, wiki tatu zilizopita. Nikamuuliza bango lilionyesha nini, akatoa simu akanionyesha picha, na pale kwenye picha, katikati ya bango, kuna ule mchoro uleule alioniletea kwenye fomu, na watu wamesimama mbele wanaupiga picha. Nilikaa kimya muda mrefu kidogo. Maana Ulaya na nchi nyingi nyingine ukishaonyesha hadharani kabla ya kupeleka maombi, upya umekwisha, hataza hupati. Marekani wao wanakupa mwaka mmoja tangu siku uliyotangaza. Ikabidi nimweleze kwamba sehemu kubwa ya dunia imeshafungwa, na hakuna aliyekuwa amemwambia kabla, na hilo lilikuwa kosa letu sisi wa ofisi kuliko lake. Hatukuwahi kwenda kwenye idara yao hata siku moja. Kwenye jedwali la mwaka ule kosa hilo halikuonekana popote, fomu yake ilihesabiwa kama fomu moja iliyopokelewa, yaani ilituongezea namba.

Na wala si yeye wa kwanza. Ule uvumbuzi maarufu kuliko wote katika historia ya vyuo, wa Stanley Cohen wa chuo kikuu cha Stanford na Herbert Boyer wa chuo kikuu cha California, San Francisco, wa kukata na kuunganisha vipande vya DNA, ulikumbwa na jambo hilohilo. Makala yao ilitoka Novemba 1973. Niels Reimers, aliyeanzisha ofisi ya leseni ya Stanford mwaka 1970, alikuja kujua habari zake 1974 kwa kusoma gazeti, akampigia Cohen, na Cohen mwanzoni hakutaka kabisa mambo ya hataza. Wakaja kupeleka maombi tarehe 4 Novemba 1974, imebaki kama wiki moja tu ule mwaka uishe. Marekani wakapata. Nje ya Marekani hawakupata kitu, walishachelewa.

Lakini angalia walichofanya na hicho walichopata, hapa ndipo napenda watu wajifunze. Hawakuiuzia kampuni moja. Walitoa leseni isiyo ya kipekee, yeyote mwenye nia anaingia: dola 10,000 za kuanzia, dola 10,000 kwa mwaka, na mrabaha mdogo juu ya mauzo, kiasi ambacho hata kampuni ndogo iliweza kukibeba. Hataza ya kwanza ilitoka Desemba 1980, na mpaka inaisha muda wake 1997 kampuni zaidi ya 400 zilikuwa zimechukua leseni, vyuo viwili vikapata jumla ya dola kama milioni 255, na bidhaa zilizotokana nayo zilikuwa zaidi ya elfu mbili. Kila mtu kwenye hii kazi anaijua hiyo milioni 255. Wachache wanakumbuka bei ilipangwa chini makusudi ili teknolojia isambae, na kusambaa ndiko kulikoleta pesa.

Kuna jambo la karatasi pia nisilipite, manake watu hudhani sheria ikisema chuo kinamiliki basi kinamiliki. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Stanford na kampuni ya dawa ya Roche kuhusu kipimo cha kuhesabu virusi vya UKIMWI mwilini. Mtafiti wa Stanford alikuwa amesaini na chuo kwamba anakubali kuja kukikabidhi chuo haki za uvumbuzi wake, halafu alipokwenda kujifunza kwenye kampuni ya Cetus akasaini karatasi nyingine inayosema kwamba kwa hati hii nakabidhi. Moja ni ahadi ya kesho, nyingine ni tendo la leo. Roche walikuja kununua mambo hayo ya Cetus, na Stanford wakashindwa, mahakama ikasema Bayh-Dole haihamishi umiliki yenyewe kutoka kwa mvumbuzi kwenda chuoni. Baada ya hapo vyuo vilikimbilia kurekebisha mikataba ya watumishi wao. Sisi pia tulirekebisha, sentensi moja tu, ilituchukua miezi kupitisha kwenye vikao.

Haya, tuje kwenye ile safu ya herufi nzito. Shida ya mapato ni kwamba hayagawanyiki kama watu wanavyofikiri. Mwaka 2005 Stanford waliuza hisa zao za Google, walizopewa kwa ajili ya leseni ya hataza ya PageRank, ile njia ya Google ya kupanga majibu ya utafutaji, wakapata dola milioni 336. Mwaka huohuo chuo kikuu cha Emory kilipokea dola milioni 525 kutoka kampuni za Gilead na Royalty Pharma kwa kuuza haki yake ya mrabaha wa emtrisitabini, dawa ya UKIMWI. Ukichora grafu ya vyuo hivyo unaona mlima mmoja umesimama peke yake na pembeni tambarare, na ofisi nyingi duniani hazina mlima wowote, hazifikishi hata gharama zake zenyewe za mishahara na mawakili. Sasa mkuu wa chuo anasoma habari ya Stanford, anarudi anauliza sisi mbona hatuna kama hiyo, na anaweka lengo la mapato kwenye mpango wa miaka mitano. Uvumbuzi wa dawa unaweza kuchukua miaka kumi na zaidi tangu maabara mpaka dukani! Mapato unayoyaona mwaka huu ni matunda ya uamuzi wa mtu aliyekaa kwenye kiti chako zamani, huenda ameshastaafu, na uamuzi mzuri unaoufanya wewe leo utakuja kumletea sifa mwingine. Kumpima meneja kwa mapato ya mwaka ni kumpima mkulima wa minazi kwa msimu mmoja.

Na presha hiyo inashuka mpaka kwenye mazungumzo ya leseni. Nimekaa kwenye vikao ambapo kampuni ndogo yenye watu watatu na hamu ya kweli ya kutengeneza kitu ilikataliwa kwa sababu haina malipo ya mwanzo, na wakapewa kampuni kubwa iliyolipa vizuri siku ya kwanza halafu ikauweka uvumbuzi kabatini. Inalipa ada ndogo ya mwaka, haitengenezi, haiachii. Kwenye ripoti yetu hiyo ilikuwa leseni iliyofanikiwa, na ada ndogo ikaingia kwenye mapato kila mwaka bila mtu kuuliza. Siku hizi nikipata nafasi ya kuongea na vijana wanaoanza hii kazi nawaambia waandike kwenye leseni hatua za lazima, kwamba mwaka wa kwanza mfano wa kwanza uwe umetengenezwa, mwaka wa tatu majaribio yawe yameanza, na wasipofanya leseni inarudi. Halafu wafuatilie kweli, kwa sababu kifungu kisichofuatiliwa ni wino tu.

Kuhesabu hataza zenyewe nako kuna hatari yake. Kuna njia ya kimataifa ya kuombea hataza, PCT, ambayo inakupa mpaka mwezi wa 30 tangu maombi ya kwanza kabla hujachagua nchi na kuanza kulipa kila moja. Mwezi wa 30 ndo saa ya ukweli, unakaa mezani na faili unajiuliza: kuna kampuni imeonyesha nia? Kuna mtu amejaribu? Kama hamna, kuachia ni busara. Lakini ukiachia, namba ya hataza inashuka, kwa hiyo watu wanalipa ili namba isishuke, mwaka hadi mwaka, ada za kutunza hataza ambayo hakuna anayeihitaji. China waliona hilo kwa kiwango kikubwa sana, vyuo vilikuwa vinamwaga maombi kwa sababu kulikuwa na ruzuku na zawadi kwa kila hataza, na Februari 2020 wizara ya elimu ikishirikiana na ofisi ya haki miliki na wizara ya sayansi wakatoa mwongozo wa kuacha kuzawadia maombi ya hataza, na kupunguza na hatimaye kuacha kuzawadia hataza zinazotoka, wakataka vyuo vitathmini uvumbuzi kabla ya kuombea, na uzito uhamie kwenye matumizi. Nilipousoma ule mwongozo nilifurahi sana, nikauchapisha nikaubandika ukutani juu ya meza yangu.

Halafu kuna kitu kingine hakiingii kwenye safu yoyote. Watafiti Ajay Agrawal na Rebecca Henderson waliwauliza maprofesa wa uhandisi wa MIT, chuo maarufu cha teknolojia huko Marekani, na wakachapisha majibu 2002, ni kiasi gani cha maarifa yanayotoka maabara kwao kwenda viwandani kinapitia hataza. Walikadiria chini ya asilimia 10. Mengine yanapita kwenye makala, ushauri, mazungumzo, na wanafunzi wanaomaliza na kwenda kuajiriwa. Na hiyo ni MIT! Kwa hiyo ofisi nzima inapimwa kwa kamlango kadogo wakati watu wanapita kwenye geti kubwa lililo pembeni.

Sitaki mtu anielewe vibaya akadhani napinga hataza, hapana, hataza ni chombo na inategemea unakishika kwa nia gani. Mwaka 1923 Frederick Banting na wenzake waliikabidhi haki ya insulini, dawa ya kisukari, kwa chuo kikuu cha Toronto kwa dola moja kila mmoja, na chuo kikaitumia hataza kuhakikisha mtengenezaji mmoja haiteki na kwamba ubora unasimamiwa. Ukiiweka dola moja kwenye safu ya mapato, insulini inaonekana ni hasara.

Upande wa pili kuna stavudini, dawa ya UKIMWI. Chuo kikuu cha Yale, Marekani, walikuwa na hataza yake na walitoa leseni ya kipekee kwa kampuni ya dawa ya Bristol-Myers Squibb, na dawa hiyo ikawa inaleta sehemu kubwa ya mapato yao ya leseni, yaani kwenye jedwali ilikuwa nyota. Mapema 2001 shirika la Madaktari Wasio na Mipaka waliandika barua kuomba chuo kiruhusu dawa za bei nafuu za aina hiyo ziingie Afrika Kusini. Jibu la kwanza la chuo lilikuwa kwamba leseni ni ya kipekee, hivyo anayeweza kuamua ni kampuni. Kisheria ni jibu sahihi, na ndiyo maana linaniuma, kwa sababu mimi mwenyewe ningeweza kuliandika. Wanafunzi wakapaza sauti, na William Prusoff, mmoja wa waliofanya utafiti wenyewe, akasema hadharani kwamba anawaunga mkono. Machi mwaka huohuo kampuni ikatangaza haitazuia matumizi ya hataza yake Afrika Kusini na bei ikashuka. Miaka sita baadaye, Machi 2007, vyuo 11 vya Marekani pamoja na jumuiya ya vyuo vya tiba vilitoa mambo tisa ya kuzingatia wakati wa kutoa leseni, na mojawapo ni kufikiria kuweka vifungu kwa ajili ya wagonjwa na nchi zisizoweza kulipa. Mahali pa kuyawaza hayo ni siku ya kuandika leseni. Ukishasaini umeshatoa ufunguo.

Basi mwaka wangu wa mwisho pale nikaamua kufanya kitu ambacho hakikuwa kwenye majukumu yangu. Nikatoa orodha ya leseni zote zilizo hai nikaanza kupiga simu moja baada ya nyingine, si ofisi ya mhasibu wao, nikaomba kuongea na mtu anayeshughulika na bidhaa yenyewe. Nilikuwa na maswali mawili tu. Kinatumika? Nani anakitumia? Ilinichukua wiki nyingi maana wengine hawakujua hata kwamba wana leseni yetu, ikabidi wakatafute, wengine watu waliokuwa wakihusika walishaondoka, na ile kampuni kubwa niliyoitaja walinirudisha kwa mwanasheria wao mara tatu mfululizo.

Kulikuwa na leseni moja ambayo kwenye ripoti ilikuwa inanitia aibu kila mwaka, mapato yake hayafikii hata karatasi na bahasha za kudai, na kwenye kikao mtu alishawahi kupendekeza tuifute. Ni kipimo kidogo cha kuangalia usalama wa maji, kijiti unachovya, kinabadilika rangi. Waliochukua ni watu wawili. Nilipowapigia, aliyepokea alisema ngoja, akampa simu mama mmoja aliyekuwa amekuja kuchukua mzigo, fundi wa maabara ya maji. Nikamuuliza anavitumia vipi. Akaniambia anaenda navyo kwenye visima, kila asubuhi, mifukoni, kwa sababu mashine kubwa haibebeki na majibu yake yanachukua siku mbili na watu wanakuwa wameshakunywa. Halafu akaniuliza kama mimi ni wa chuo, nikamwambia ndiyo, akasema rangi ya njano na ya chungwa zimekaribiana mno, jioni mwanga ukipungua anashindwa kuzitofautisha, je naweza kumwambia aliyekitengeneza?

Nikachukua kalamu nikaandika. Jioni ileile nikapanda ngazi mpaka maabara kwa profesa mwenye uvumbuzi, nikamkuta anafunga mlango, nikamwambia habari ya njano na chungwa. Akafungua tena mlango, akawasha taa, akaanza kuvuta droo.